Mwaitu Aenda Intavyuu

Kama kuna mtu kijijini Kanyangi ambaye hawezi kupita mlango ulio wazi bila kuchungulia, ni Ndila. Ukipika, atafunua sufuria aulize umetia nini. Ukinunua mbuzi, atamfungua mdomo amtazame meno. Watu walishamzoea, wengine wakambandika jina la Afisa wa Upelelezi, naye wala hakuudhika. Kwa hiyo asubuhi ile alipofika Morning Crown Academy, Kwa Vonza, akiwa amemshika mkono binti yake wa miaka minne, hakwenda kukaa kwenye benchi la wazazi kama wenzake. Alizunguka kwanza.

Akaona tangi la maji, kubwa. Akaona choo cha watoto, kisafi, chenye vigae. Akaona mtelezo wa kuchezea uliopakwa rangi nyekundu, akausogelea na kuupitisha kidole. Rangi ilikuwa nzima kutoka juu mpaka chini. Ajabu hiyo! Shule ina miaka mitatu, watoto wamejaa, na mtelezo haujachubuka hata kidogo?

"Mama, wazazi wanangojea huku," askari wa lango akamwita.

"Nakuja. Kwani hii watoto huchezea saa ngapi?"

Askari akakuna kisogo. "Ile siku ya wageni," akasema, halafu akaona amesema mengi. "Wewe kaa tu, mama. Utaitwa."

Akakaa, lakini macho hayakukaa. Ilikuwa Oktoba, mwezi wa akademi kuchagua watoto wa mwaka unaofuata, na benchi lilikuwa limejaa. Kila mzazi alikuwa akimnong'onezea wake: sema "good morning", sema "thank you", usitoe makamasi. Wa Ndila alikuwa amefundishwa "I am fine" na binamu yake, naye alikuwa akiirudia njia nzima kwenye pikipiki ya Muthama wa bodaboda mpaka Muthama mwenyewe akaanza kumjibu.

Walipoitwa ofisini mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo wa benchini walisikia kila kitu. Madam Kasiva, mwalimu mkuu, alikuwa mwanamke mwenye sura nzuri, wa kutabasamu. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Hello, baby girl! What is your name?"

"I am fine," mtoto akajibu, kwa nguvu zote.

Madam akacheka kidogo. "Sawa. Jina lako ni nani, mrembo?"

"Mwaitu."

Hapo Madam akainua macho. Mwaitu si jina la kwenye cheti. Kwa Kikamba ni mama yangu, na ndivyo mtoto huyu alivyoitwa tangu azaliwe, kwa sababu amepewa jina la bibi yake mzaa baba. Baba angemwitaje mama yake kwa jina, hata kama ana miaka minne na anakojoa kitandani? Na Ndila ndiye asiyethubutu kabisa. Mke haliweki mdomoni jina la mama mkwe wake, awe amekasirika, awe anaota. Jina lenyewe ni Kanyiva. Mimi ninayesimulia naweza kulitaja, sijaolewa boma hilo.

"Hapana, jina lako la ukweli," Madam akasema. "Kila mtu ana jina."

"Mwaitu," mtoto akasema tena, akishangaa mtu mzima asiyesikia.

"Basi mama, mwambie wewe, arudie nyuma yako."

Ndila akasogeza cheti cha kuzaliwa mezani kwa kidole kimoja. "Si limeandikwa hapo, Madam? Soma tu."

"Mimi nalijua. Nataka mtoto alijue."

"Liko hapo juu kabisa."

Huko nje baba mmoja aliyevaa tai akacheka kwa sauti. "Mtoto hajui jina, na mama pia hajui! Hii ni kali." Benchi zima likaangua kicheko. Ndila alisikia aibu ikimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Aliona haya kwa ajili yake mwenyewe, na zaidi kwa ajili ya mtoto, aliyekuwa akicheka na wale watu bila kujua wanamcheka yeye.

Madam Kasiva aliusukuma mlango ukafungwa. "Mama, mimi pia ni Mkamba," akasema polepole, "najua unaogopa nini. Lakini mwenye shule ameweka sheria. Nitakupa mpaka Jumatano ijayo. Aje ajue jina lake, na ajue kuomba ruhusa ya kwenda choo kwa Kiingereza. Akishindwa, nafasi nampa mwingine, usinilaumu."

*

Gedion, baba ya mtoto, ni fundi wa kujenga. Wakati huo alikuwa Kambu, kule barabara ya Mombasa, ambako mwenye lojingi alikuwa akiongeza ghorofa. Alipiga simu saa ya chakula cha mchana, na kelele za malori zilisikika nyuma yake.

"Amepita?"

"Bado. Tumeambiwa turudi. Hajui jina."

"Hajui jina gani?"

"Lake."

Gedion akapaza sauti juu ya lori lililokuwa likipita. "Ndila, mtoto wa Musyimi anaongea Kizungu mpaka na kuku. Nikienda kwa ndugu yangu, yule mtoto ananisalimia nakosa la kumjibu. Mimi nachanganya zege hapa juani ili wangu naye afike hapo. Na wewe unaniambia jina?"

"Basi mfundishe wewe. Nimpe simu umwambie?"

"Mimi? Nimtaje mama yangu, tena mbele ya mafundi?"

"Unaona sasa."

"Ebu… muulize mama mwenyewe amfundishe."

"Nimwambie nini? Kwamba jina lake limefelisha mtoto? Mwambie wewe, ni mama yako."

"Kwa simu? Hapana, hiyo haiongelewi kwa simu." Halafu akasema mwenye lojingi anamwita, na Ndila akajua hakuna aliyemwita.

Usiku huo Ndila alipakua chakula bila kumtazama mama mkwe machoni. Mwanamke huyo mzee, Susu, yaani bibi, kama walivyomwita nyumbani, alikula taratibu, akashukuru, akaenda kulala. Hakuuliza intavyuu ilikuwaje. Kutouliza huko kulimtesa Ndila kuliko maswali.

*

Kesho yake Ndila alibeba debe la mahindi kwenda posho mill ya Kanyangi, mtoto akimfuata. Haki ya Mungu, hakuwa na mpango mwingine. Lakini posho mill iko karibu na shule ya msingi ya serikali, na pembeni ya shule kuna darasa la chekechea, na mlango wa darasa ulikuwa wazi.

Ndani kulikuwa na watoto wengi kuliko alivyodhani, na mwalimu mmoja. Huyo alikuwa Mbula, mwanamke mnene wa makamo, amekaa chini kwenye mkeka akimfunga mtoto kamba za viatu huku akiimbisha wengine.

"Ukikaa, mama, kaa," Mbula akasema bila kugeuka. "Ukisimama hapo unaniziba mwanga."

Ndila akakaa. Alidhani atakaa kidogo tu. Akasahau mahindi.

Aliona kila kitu, mazuri na mabaya. Dirisha moja halikuwa na kioo, lilizibwa kwa gunia. Vumbi lilikuwa kila mahali. Vitabu vilikuwa vichache, watoto wanne wanne wakigombea ukurasa. Lakini waliokuwa wakihesabu vifuniko vya soda walibishana kweli, kwa Kikamba, nani amehesabu vibaya, mpaka wakarudia upya wenyewe bila kuambiwa. Mtoto mmoja akainuka, akamwambia mwalimu kwa Kikamba kwamba mkojo umembana, akatoka mbio, akarudi, akaendelea na kazi yake. Mwingine alikuwa amelala fofofo kwenye kona na hakuna aliyemwamsha.

"Huyo ni mgonjwa?" Ndila akauliza.

"Ametoka mbali, amechoka. Ataamka."

"Uji wanapewa saa ngapi?"

"Wiki hii hakuna. Unga umeisha. Mimi sikudanganyi, mama. Unga ukiwepo wanakunywa, usipokuwepo wanakula walichobeba."

Na walipokula walichobeba, Ndila akamwona wake ameshakaa katikati ya wengine, anachotewa mahindi ya muthokoi na msichana asiyemjua. Ilikuwa saa ya kwenda. "Mwaitu!" akaita. "Twende!"

Vichwa vinne viligeuka. Wasichana wanne, mdomo umejaa, wote wakimtazama.

Mbula alicheka mpaka akashika kiuno. "Nilikuwa nao watatu, umeniletea wa nne! Yule ni Mwaitu wa Mwongeli. Yule ni wa Nthiwa. Huyu wako tutamwita Mwaitu wa Ndila mpaka azoee."

"Na majina yao yenyewe?"

"Wanayajua. Kila mtoto huja siku moja na susu yake. Susu anakaa hapo ulipokaa, anatuambia mwenyewe anaitwa nani na alizaliwa wapi. Wewe hulitaji, mimi silitaji kabla yake. Mwenye jina ndiye anayelitoa." Akajipangusa machozi ya kicheko. "Lakini nisikuuzie kitu. Kusoma huku ni pole pole. Na Kiingereza changu ni cha kuvukia barabara. Ukitaka cha haraka, peleka Kwa Vonza."

Ndila alirudi nyumbani na mawazo mawili yakipigana. Tangi la maji lilikuwa kitu cha kweli. Choo cha vigae kilikuwa kitu cha kweli. Na Gedion kule juani alikuwa mtu wa kweli, hakustahili mke anayetupa jasho lake kwa sababu ya vifuniko vya soda. Alikuwa amefika mlangoni pake ndipo akakumbuka kwamba debe la mahindi ameliacha darasani.

*

Jioni Susu alikuwa uani akichagua mbegu za ndengu, maana mvua ya Novemba ilikuwa inanukia. Mtoto alimsaidia, yaani alizichanganya zilizochaguliwa na ambazo bado.

"Susu," mtoto akasema, "mimi nimefeli jina."

Ndila, aliyekuwa jikoni, alishika mwiko akaganda.

"Jina gani, Mwaitu?"

"Sijui. Mama anajua lakini anaogopa."

Amemwaga mtama! Ndila akatoka, akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, akaeleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuanza tena: Madam, cheti, watu wa benchini, Jumatano. "Si kwamba jina ni baya, Susu. Jina ni zuri. Ni mimi nisiyeweza."

Susu aliendelea kuchagua mbegu. Ndila akasubiri hasira. Akasubiri kuambiwa kwamba shule inayomtaka mke avunje heshima si shule.

"Tangu mzee wangu atangulie," Susu akasema hatimaye, "unajua nani ameniita kwa jina?"

"Hapana, Susu."

"Nesi wa kliniki. Tena anapiga kelele, na analikosea." Akapuliza makapi ya ndengu. "Ninyi mnaniita Susu. Gedion ananiita Mwaitu. Kanisani mimi ni mama ya Gedion. Ni heshima, sikatai. Lakini siku nyingine nikiwa peke yangu shambani najiita mwenyewe, nisije nikasahau sauti yake ikoje."

Ndila akachota konzi ya ndengu, akaanza kuchagua naye. Miaka sita ameishi na mwanamke huyu, amechungulia sufuria za watu wote Kanyangi, na hili hakuwahi kulichungulia. Aliona huruma, na aliona haya pia, safari hii bila mtu wa kumcheka.

"Njoo hapa, wewe," Susu akamwambia mtoto. "Sema: Kanyiva."

"Kanyiva."

"Huyo ni mimi. Na ni nani mwingine?"

Mtoto akafikiri. "Sijui."

"Ni wewe, kichwa-maji!"

Mtoto alicheka kama ametekenywa tumboni. Tangu hapo ikawa wimbo. Susu akiwa zizini anaita "Kanyiva!", mtoto jikoni anaitika "Naam!". Mtoto akiwa chooni anaita "Kanyiva!", Susu zizini anaitika "Naam!". Walipopita hapo karibu majirani walisimama kusikiliza. Ndila alipika akiwasikia, akitabasamu, na kila mara midomo yake ilijaribu jina hilo bila sauti, halafu ikaogopa.

*

Jumatano walikwenda watatu. Susu alikataa kubaki. Alivaa leso yake ya kanisani na viatu vya kubana, akapanda nyuma ya Muthama kama msichana.

Madam Kasiva alikuwa akimaliza na wengine, wakaambiwa wangoje. Ndila hakungoja. "Naomba nione darasa la PP1, la watoto wa umri wake," alimwambia askari. "Nikae kidogo tu nione wanavyofundishwa."

"Wazazi hawapiti hapa, mama. Sheria."

"Hata yule anayelipa?"

"Hasa huyo," askari akasema, na kwa namna alivyosema ilionekana hata yeye aliwahi kujiuliza.

Basi Ndila akazunguka nyuma, akajifanya anatafuta choo, akapanda juu ya tofali na kuchungulia dirishani. Watoto walikuwa wamekaa mistari, wametulia, kila mmoja na kitabu chake. Wanaandika vizuri, Mungu anisamehe, wanaandika vizuri sana. Kisha akamwona mvulana mmoja mstari wa mwisho. Alikuwa ameinua mkono, ameushusha, ameuinua. Midomo yake ilikuwa ikitafuta maneno. Mwalimu alikuwa akiandika ubaoni. Mvulana akashusha mkono kwa mara ya mwisho, akatulia kabisa, na chini ya kiti chake sakafu ikalowa. Hakulia. Alivuta tu soksi juu ili isilowe, na Ndila akaona huyo mtoto amefanya hivyo siku nyingine pia.

Akashuka kwenye tofali, akarudi mbele.

"Ulikuwa wapi?" Susu akamuuliza benchini.

"Chooni," Ndila akasema.

Intavyuu yenyewe haikuchukua muda. "What is your name?" "My name is Kanyiva!" Mtoto aliisema kwa kelele, kama anamwita mtu zizini, na Susu kwenye kiti cha ukutani akajizuia asiitike. Madam alipiga makofi. Akauliza rangi, akauliza idadi ya vidole, la kuomba ruhusa akalisahau, akaridhika.

"Amepita, mama. Hongera." Alichukua kalamu. "Sasa, tumwandikishe nani?"

"Si amekwambia?"

"La nyumbani, ndiyo. Lakini darasani tunatumia majina ya Kizungu, ndiyo watoto wazoee. Cheti hakina. Chagua tu moja. Precious. Joy. Tuna Blessing wawili, hilo liache."

Ndila alitazama ukutani. Susu alikuwa ameinamisha uso, anakunja ncha ya leso, anaikunjua. Alikuwa mgeni hapa, na mambo ya shule yana wenyewe. Mtoto alikuwa ameshachoka na watu wazima, ametoka mlangoni, anakwenda langoni ambako punda wa mikokoteni walikuwa wakipita na mitungi.

"Kwani la bibi yake lina nini?" Ndila akauliza.

"Halina kitu, mama. Mimi mwenyewe hapa ni Madam Precious kwa wageni," Kasiva akasema, akijaribu kucheka, na hakucheka vizuri. "Ni jina tu. Wengine huchagua kwa dakika moja. Baba yake atafurahi, nafasi imepatikana."

Ni kweli, Gedion angefurahi. Ndila alimwona pale Kambu, zege mpaka viwikoni, akiwaambia mafundi wenzake. Roho ilimuuma. Alinyoosha mkono mezani, Madam akadhani anataka kalamu, lakini Ndila alichukua cheti, akakikunja, akakitia kifuani.

"Asante, Madam. Umetutendea vizuri. Mpe nafasi mwingine. Wetu ataanza pale Kanyangi, kwa Mbula."

"Mama, fikiria. Pale hata uji…"

"Uji nitampikia."

Susu aliinua uso. "Na Gedion?"

"Gedion nitamweleza, Susu. Atanikasirikia, nitavumilia. Akija mwisho wa mwezi nitampeleka akakae kwenye mkeka aone mwenyewe."

Alisimama. Kupitia mlango alimwona mtoto ameshavuka lango, mkono umenyooshwa kumgusa punda masikio, na askari anasinzia. Ndila hakufikiri. Hakupata hata nafasi ya kuogopa. Jina lililokuwa limekaa kwenye midomo yake wiki nzima lilitoka lenyewe, kwa sauti ya kusikika hadi sokoni.

"Kanyiva! Rudi hapa!"

Wawili waliitika. "Naam!" mtoto akasema langoni, akageuka mbio. Na "Naam!" akasema Susu, ameshainuka nusu kutoka kwenye kiti, kabla hajajua anamwitikia nani.

Madam Kasiva, Mkamba kama wao, akatazama meza yake. Ndila aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Miaka sita ya heshima, na ameitupa mbele ya watu, kwa kelele, tena kwa amri.

Susu alisimama wima. Alijifunga leso upya, bila haraka, akamtazama mke wa mwanawe.

"Unajua zamani faini ya hiyo ilikuwa ni mbuzi," akasema.

"Najua, Susu. Nitatoa."

"Jike."

"Nitaleta jike."

Mtoto aliingia akihema, akamshika Susu mkono. Susu akaukaza mkono huo mdogo.

"Basi kwa kuwa mbuzi ni yule yule mmoja," akasema, "niite tena."

Ndila akatoa mikono mdomoni, akamwita.